Mtoto Yeyote Hakuwahi Kuja Darasani Kwangu

Fidelina, binti wa jirani yangu hapa Rhotia, amemaliza chuo cha ualimu juzi juzi. Siku moja alishuka kwenye bodaboda mbele ya mlango wangu, kompyuta kwapani, simu mkononi, na uso wa mtu aliyefiwa. Nikamkaribisha haraka nikidhani kuna msiba. Kumbe ameitwa kwenye usaili wa shule moja ya binafsi Karatu mjini, na wamemwambia aje na ukurasa mmoja wenye kichwa cha habari "Falsafa Yangu ya Ufundishaji".

"Shikamoo Mwalimu. Naomba unisikilize, halafu uniambie kama imekaa vizuri."

"Marahaba. Haya, soma."

Akakohoa kidogo, akasoma. "Mimi ni mwalimu ninayeamini kwamba mtoto yeyote ni kitovu cha ujifunzaji..."

"Mtoto gani?" nikamkatiza.

"Mtoto yeyote, Mwalimu."

"Huyo simjui. Nimefundisha Darasa la Kwanza mpaka mgongo ukapinda, na mtoto yeyote hakuwahi kuja darasani kwangu. Walikuja akina Petro, akina Bura wenye makamasi, akina Nasieku. Mtoto yeyote hakuja hata siku moja, na wala hakuomba ruhusa."

Akacheka kwa adabu, ile ya kwenu vijana mkiwa na haraka na mnamwogopa mzee. Nikamwekea chai, nikamsimulia habari za Nasieku. Bodaboda akapiga honi mpaka akachoka, akaja kukaa na sisi. Baadaye nikaona ni heri niziandike, maana najua mko wengi mnaozunguka na ukurasa kama ule.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mwalimu Paskalina, mtoto wa mkulima wa mahindi na maharage. Nyumbani kwetu tulisema Kiiraqw. Kiswahili kilikuwa cha kanisani na mnadani, na mimi mnadani sikupelekwa. Siku ya kwanza ya shule mama alinijaza uji ili nisije nikasikia njaa, akanisindikiza mpaka uwanjani, akageuka kwenda shambani. Nikakalishwa dawati moja na mvulana anaitwa Gwandu, ambaye nilikuwa namjua kwa kuiba miwa yetu.

Mwalimu wetu alikuwa mrefu sana, na alisema Kiswahili tu. Kabla ya mapumziko ule uji ukataka kutoka. Maji nilijua kuyaita ma'ay, mama nilijua kumwita ayo, lakini nimwambieje mtu mrefu vile, kwa lugha yake, kwamba hali ni mbaya? Nikajibana. Nikajibana tena mpaka jasho likanitoka. Halafu nikashindwa, na maji yakatembea chini ya dawati polepole kuelekea miguu ya Gwandu.

Gwandu hakucheka. Aliinua miguu yake taratibu akaiweka juu ya dawati, basi. Wengine ndio walicheka. Mwalimu akageuka, akamwona mwanafunzi mmoja amelowa na mwingine ameweka miguu juu ya dawati la serikali. Sote wawili tukasimamishwa mbele, sote wawili tukachapwa, na hakuna kati yetu aliyekuwa na neno moja la kujieleza.

Sasa angalieni maajabu. Sote wawili tukawa walimu. Na sote wawili, tukiulizwa kwa nini tunafundisha hivi tunavyofundisha, tulirudi kwenye asubuhi ile ile. Mimi nilisema: mtoto apewe maneno kwanza, herufi baadaye, asije akaaibika kama nilivyoaibika mimi. Gwandu alisema: mtoto ajikaze. "Nilisimama pale, sikulia, na leo mimi ni mwalimu. Kuna ubaya gani?" Falsafa mbili za elimu, vijana, na zote zimetoka kwenye dimbwi moja.

Chuoni walitufundisha mawazo ya watu wakubwa wa nchi za mbali. Niliyapenda, nikafaulu mtihani wake vizuri. Lakini kila nilipofumba macho kutafuta mtoto wanayemzungumzia, nilimwona binti mdogo wa Rhotia mwenye sketi iliyolowa. Nikatoka chuoni na cheti kipya na mtoto wangu mmoja wa zamani, nikadhani huyo mmoja anatosha kwa watoto wote.

Nikapangiwa Enguserosambu, juu kwenye vilima vya Loliondo. Kwa asiyepajua, ni nchi ya wafugaji, ya msitu na ukungu, na asubuhi baridi inakuuma masikio mpaka unasahau jina lako. Nilipofika ofisi ya walimu nikamkuta mtu amekaa karibu na jiko la mkaa, amejifunga shuka juu ya koti, ananitazama.

"Paskalina," akasema. "Safari hii ukaage mbali na miguu yangu."

Gwandu! Alikuwa ametangulia miaka kadhaa. Tukacheka mpaka Mwalimu Mkuu, Mwalimu Saning'o, akachungulia kuuliza kuna nini. Hatukumwambia.

Wakati ule, mwanzo wa mwaka, walimu tulizunguka boma kwa boma kuandikisha watoto. Kimaa nilikuwa nimeanza kujifunza kutoka kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, na nilikuwa na ujasiri kuliko maarifa. Basi tukafika kwenye boma moja, jua limepanda, koo limenikauka. Nje alikaa bibi mmoja anashona shanga. Wajukuu walimwita Koko, yaani bibi, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nikataka kumwomba maji. Maji kwa Kimaa ni enkare. Mtoto ni enkerai. Mnaona kilichotokea. Nilisimama mbele ya bibi wa watu na Kimaa changu cha kujifaragua, nikamwambia anipe mtoto.

Koko alicheka mpaka shanga zikamwagika. Halafu akanyamaza, akanitazama vizuri, akaita ndani. Akatoka msichana mdogo mwenye macho makubwa. Koko akamsukuma taratibu mbele yangu. Bibi alikuwa na Kiswahili kidogo cha mnadani.

"Mwalimu ameomba mtoto," akasema. "Mimi nimempa. Anaitwa Nasieku."

Mwenye boma, Saitoti, baba mkubwa wa yule msichana, alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake. Hakupenda. Baba wa mtoto alikuwa mlinzi Arusha, kwa hiyo neno lilikuwa la Saitoti. Wakajibizana na Koko kwa Kimaa cha haraka ambacho sikukifikia. Mwishoni akanigeukia.

"Aende. Lakini shule ikimrudisha, basi. Harudi tena. Hapa kuna ndama wanamsubiri."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kuomba maji nikapewa mtoto. Maji nilikuja kunywa boma la pili.

Darasani nikaanza na kile nilichoona ni dawa. Kabla ya a, e, i, o, u, nikawafundisha sentensi moja ya Kiswahili, kwa wimbo na kupiga makofi: "Na-o-mba kwe-nda cho-o-ni!" Tuliimba wiki nzima. Niliona fahari isiyo na kifani. Nikasema moyoni, hapa hakuna mtoto atakayelowa.

Na kweli, hakuna aliyelowa. Lakini niliwapa sentensi moja, nao wakaitumia kwa kila kazi. Ukimuuliza mtoto jina lake: naomba kwenda chooni. Ukimpa uji: naomba kwenda chooni, yaani ahsante. Padri alipopita kutusalimia alijibiwa hivyo hivyo, akabariki haraka akaondoka.

Halafu akaja mkaguzi. Siku hizi mnawaita wadhibiti ubora, na mnapiga nao picha. Sisi tuliwaita wakaguzi, na gari lao likionekana bondeni hata wanaojua kufundisha walisahau. Mkaguzi huyu alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Akaingia darasani kwangu na Mwalimu Saning'o nyuma yake.

"Hamjambo watoto?"

Darasa zima likasimama kwa heshima, mikono nyuma, likajibu kwa sauti moja: "Naomba kwenda chooni!"

Mkaguzi akanitazama. Akajaribu tena, polepole. "Mnasoma nini leo?"

"Naomba kwenda chooni!"

Mwalimu Saning'o alikuwa ameshageukia dirishani, anatazama nje kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akasema kwa huruma, "Basi, Mwalimu, waruhusu." Nikawaruhusu. Hakuna aliyetoka. Walikaa wakanitabasamia.

Ningependa kuwaambia kwamba hiyo ndiyo aibu yangu kubwa Enguserosambu, tucheke, tuendelee. Lakini mkaguzi aliona jambo jingine. Wakati wote walipokuwa wanajibu, Nasieku hakujibu. Alisimama akiwa amechelewa, baada ya kutazama wenzake, na mdomo wake haukufunguka. Mkaguzi akamuuliza jina. Kimya. Akamwonyesha herufi ubaoni, akiwa amempa mgongo, akamuuliza ni herufi gani. Kimya.

"Huyu yukoje?"

"Ni mwoga tu, mheshimiwa," nikasema. "Atafunguka."

Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nikimtazama Nasieku na kujiona mimi mwenyewe. Mtoto asiye na lugha, aliyejawa na aibu. Na kwa kuwa mimi utotoni nilichukia kukodolewa macho, nilikuwa nimeamua kutomkodolea. Nikiwa karibu naye nilisema nikiwa nimetazama pembeni. Nilimwita nikiwa nimegeukia ubao, ili apate nafasi ya kujibu bila macho ya mwalimu usoni. Nilijiona mtaalamu. Hakuna aliyenifundisha mbinu hiyo, niliitunga mwenyewe kutokana na maisha yangu.

Gwandu aliiona ya kipuuzi. Tulibishana ofisini kila siku, chai inapoa.

"Huyo mtoto si mwoga, ni mkaidi," alisema. "Namjua. Ni mimi yule. Ukimbembeleza amekushinda. Mimi nikimkuta uwanjani nasimama mbele yake, namtazama usoni, namwambia 'okota ile karatasi', anaokota. Wewe ukimwambia anakutazama kama ng'ombe anayetazama gari moshi."

"Anakuogopa."

"Basi hofu inafanya kazi, huruma haifanyi."

Na kweli, hilo lilinisumbua. Kwa Gwandu, Nasieku alifanya alichoambiwa. Kwangu mimi niliyempenda, hakufanya lolote.

Baada ya ziara ile, Mwalimu Saning'o aliniita. Alikuwa mtu wa haki, lakini darasa lilikuwa limefurika, na mkaguzi alikuwa amesema neno. "Mwalimu Paskalina, yule mtoto hajakomaa kwa shule. Arudi nyumbani, tumwone tena mwakani."

Nikamweleza maneno ya Saitoti kwamba hakuna mwakani. Akashusha pumzi. "Mwache amalize wiki hii. Ijumaa bibi yake aje amchukue."

Alhamisi ikanyesha mvua. Mnaofundisha kwenye madarasa yenye silingibodi mtanisamehe, hamjui ninachosema. Darasa langu lilikuwa na mabati matupu, na mvua ya vilima vile ikishuka juu ya bati ni kama magari ya changarawe yanamwaga mzigo juu ya kichwa chako. Husikii hata mawazo yako. Walimu wengi siku kama hiyo walikaa tu, wakawaacha watoto walale juu ya madawati. Mimi nilikuwa na hasira za Ijumaa. Sikutaka kukaa.

Nikatawanya kadi za irabu sakafuni: a, e, i, o, u. Nikasimama mbele, nikafungua mdomo kwa nguvu, nikasema "o" kwa midomo, maana sauti haikufika popote. Nikaonyesha kwa mkono: aliyeelewa aje aokote kadi. Watoto wakatazamana. Wengine wakaweka mikono masikioni, wengine wakapiga kelele za "nini?" ambazo nazo hazikusikika. Hapo Nasieku akainuka kwenye kona yake. Akaja, akaokota "o", akanipa.

Nikadhani amebahatisha. Nikatanua midomo kwa "i". Akaleta "i". Nikaachama kwa "a", mpaka nikahisi taya linalegea. Akaleta "a". Akaleta zote, na nilipozirudia bila mpangilio akaleta tena, haraka, bila kukosea. Wenzake bado walikuwa wamezubaa. Nasieku akageuka akawatazama, akashangaa kuwaona hawajui la kufanya, halafu akaanza kucheka. Sikuwahi kuuona ule uso ukicheka.

Mvua ilipokatika nilizunguka nyuma yake. Nikasema "o". Hakugeuka. Nikamwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Nikamwita kwa sauti ya juu, darasa zima likageuka, naye akageuka baada ya kuwaona wenzake wamegeuka. Mtoto alikuwa hasikii; irabu alikuwa amezisoma midomoni mwa wenzake wakiziimba. Mvua ile ya mabati ilikuwa inanyesha kichwani mwake kila siku tangu aje, na mimi, kwa wema wangu, nilikuwa nimemnyima kitu kimoja alichokuwa anasomea. Nilikuwa nimemficha uso wangu.

Nikakimbia ofisini na matope yangu. Nilivyoeleza sijui, maana Mwalimu Saning'o aliniambia nikae chini nianze upya. Gwandu hakungoja nianze upya. Alitoka mpaka kwenye rimu ya gari tuliyoitumia kama kengele, akaifungua kwenye mti, akaja nayo darasani, akasimama nyuma ya Nasieku aliyekuwa anachora ndama kwenye kibao chake. Akaigonga kwa nondo. Watoto wote wakaruka, mmoja akaanguka. Nasieku akaendelea kuchora mkia.

Gwandu akaweka rimu chini polepole.

"Kumbe hakuwa mkaidi," akasema.

"Wala mwoga," nikasema.

"Na mimi alikuwa ananitii kwa sababu nilisimama mbele yake."

Hatukutazamana. Tulikuwa tumemsoma yule mtoto tangu mwanzo wa mwaka, kila mmoja kwa kitabu cha maisha yake, na vitabu vyetu vyote viwili havikuwa na ukurasa wake.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Lakini bibi yake alikuwa ameshapelekewa habari, na Saitoti hakungoja Ijumaa. Jioni ile ile alikuja akamchukua mtoto. Mwalimu Saning'o alijaribu kumweleza. Saitoti alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akamshika Nasieku mkono, wakaondoka.

Mimi nililia ofisini. Gwandu akavaa koti lake, akachukua ufunguo wa pikipiki. "Twende."

"Atatufukuza."

"Atufukuze tukiwa kwake. Paskalina, wewe hujui jambo moja. Darasa la nne baba alinitoa shule nikaongoze maksai. Yule mwalimu wetu mrefu, yule aliyetuchapa, alikuja nyumbani kwa miguu. Akakaa kwenye kigoda. Baba akamwambia ondoka. Hakuondoka. Akakaa mpaka baba akachoka kumtazama. Ndiyo maana mimi nipo hapa."

Sikuwahi kuijua habari hiyo. Miaka yote nilidhani Gwandu anaitetea ile fimbo. Alikuwa anamtetea mtu aliyekuja kumtafuta.

Tukapanda pikipiki, tukateleza kwenye matope mpaka bomani, jua linazama. Saitoti alikuwa anahesabu mifugo inaingia zizini. Gwandu akamsalimia, akaomba ruhusa ya kukaa, akakaa kwenye jiwe. Hakusema kitu. Mimi nikaanza kusema, akanikanyaga mguu. Mifugo ikaisha kuingia. Saitoti akaja.

"Mlisema hafundishiki. Leo mnasema anafundishika. Kesho mtasema nini?"

"Kesho tutasema tulikosea leo, ikibidi," Gwandu akajibu. "Lakini leo tunasema haya. Mtoto hasikii vizuri. Sisi tulidhani mengine."

Koko alikuwa amekaa mlangoni. Akacheka kile kicheko chake, bila furaha sana safari hii. "Masikio yake yalitoa usaha tangu ananyonya. Kila mtu hapa ukitaka kusema na Nasieku unamgusa bega kwanza. Nilidhani mnajua. Si ninyi ndio walimu?"

Nikasema, "Hatukuuliza, Koko."

Saitoti akaegemea fimbo yake. Halafu akamuuliza Gwandu, "Utaondoka saa ngapi?"

"Mimi sina haraka, mzee. Nyumbani kwangu hakuna anayenisubiri."

"Huyu hataondoka," Koko akamwambia mwanawe kwa Kiswahili, ili nasi tusikie. "Mpe mtoto, tulale."

Likizo ilipofika nikawachukua Koko na Nasieku. Daktari wa hospitali ya Wasso, kule kule Loliondo, alikuwa ametupa dawa za kukausha usaha, lakini akasema kuna mtaalamu wa masikio anayekuja Karatu, na ni njia ya kwetu. Tukapanda basi, likateremka bonde la Sale, likakata mbuga. Nasieku alibandika uso kwenye kioo. Kwenye ukingo wa kreta Ngorongoro kulikuwa na ukungu mzito, na watalii wamesimama nje ya magari yao wanaupiga picha. Koko akaniuliza wanapiga picha nini. Nikamwambia ukungu. Akasema kumbe angejua angewauzia wa Enguserosambu.

Mtaalamu alimtazama Nasieku kwa taa yake, akamsafisha kwa muda mrefu, mtoto ameng'ang'ania kidole changu. Sikio la kulia lilikuwa limeharibika. La kushoto lilikuwa limezibwa na uchafu wa miaka, na nyuma ya uchafu kulikuwa na uzima. Akatupa matone na masharti: maji yasiingie, akae mbele darasani, upande wa kulia, sikio zima limwelekee mwalimu.

Tulilala kwetu Rhotia wakati matibabu yanaendelea. Mama yangu hajui Kimaa, Koko hajui Kiiraqw, na wote wawili Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi. Walikaa jikoni jioni nzima, kila mmoja na lugha yake, wanamenya maharage. Asubuhi mama akaniambia yule bibi anaumwa goti na kwamba ng'ombe wake mweusi anasumbua kukamuliwa. Koko naye akaniambia mama yangu analalamika kwamba sijaolewa. Mpaka leo sijui walielewanaje. Hapo ndipo penye utafiti kwa ninyi mnaotaka kusoma zaidi.

Tangu mwaka ule, kila darasa jipya nililopewa nilianza na mchezo. Watoto wanageukia ukuta, napita nyuma yao, nanong'ona jina la mmoja mmoja, na anayesikia anaruka. Wao wanadhani tunacheza. Halafu nakwenda kwao nyumbani na kuuliza, hata kwa lugha mbovu: huyu mtoto mnaongea naye vipi? Anapenda nini? Anaogopa nini? Fanyeni hivyo, hakuna gharama. Sikuyaacha maisha yangu nyumbani. Yalikuja darasani kila siku, na mara nyingi yalinisaidia, maana nilijua uchungu wa mtoto asiye na neno. Ila nilijifunza kuyakalisha dawati la nyuma mpaka mtoto aliye mbele amalize kujieleza. Gwandu naye fimbo yake aliendelea kutembea nayo, ila kazi yake kubwa ikawa kukung'utia matope ya viatu, na watoto waliotolewa shule aliwafuata mmoja mmoja kwa pikipiki ile mpaka ikafa.

Sasa turudi kwenye muhula mpya, baada ya likizo ile. Nasieku amekaa mbele kabisa, upande wa kulia, kama tulivyoambiwa. Mimi nimejiandaa. Nimeazimia kwamba mtoto huyu hatapitwa na neno hata moja. Nikasimama mbele yake, uso kwa uso, nikaachama mdomo kama kiboko wa kreta, nikapaza sauti mpaka kunguru wakaruka juu ya bati.

"HII NI HERUFI GANI?"

Nikarudia, kwa sauti zaidi. Nikaenda hivyo asubuhi nzima, shingo imejaa mishipa. Darasa la jirani Gwandu alikuwa ameacha kufundisha, maana wanafunzi wake walikuwa wanajibu maswali yangu.

Nasieku akanyoosha mkono. Nikampa nafasi. Akasimama, mikono nyuma kama nilivyowafundisha, akanitazama kwa yale macho makubwa, na kwa mara ya kwanza tangu anijue akasema sentensi nzima ya Kiswahili, yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemwimbisha.

"Mwalimu," akasema, "mbona unapiga kelele?"

Nikashusha sauti, tukaendelea na somo.